Kisu cha kukunja kufunguka haraka

Boss, umeuliza vile hicho kisu kinaweza kufunguka haraka na mkono mmoja ukiwa umeshika mzigo. Usikimbilie grainda kabisa. Anza na mafuta taa na mswaki wa zamani pale bledi inazungukia, utaona vile maji meusi yanatoka, kausha halafu tone moja la oili ya cherehani, grisi ya gari hapana inashika vumbi. Legeza skrubu ya hapo bledi inazungukia kidogo sana, ukiona bledi inacheza kushoto kulia kaza tena. Kama bledi iko na tundu la kidole gumba, funga kebo tai ndogo (ule mkanda wa plastiki wa kufungia waya) hapo upande wa mgongo wa bledi, ukate mkia, kile kichwa cha kebo tai ndio utasukuma na kidole. Lakini loki, ile inashikilia bledi ikiwa wazi, usiguse tafadhali, ikilegea bledi inakukunjia vidole.