Kibali Kipo, Malipo Hayapo

SWALI: Shikamoo shangazi. Nimeanza kazi ya bili mwezi wa tatu kwenye kliniki ya mifupa hapa Columbus, Ohio. Mzee mmoja Mkongomani, bima yake Medicare Advantage (bima ya Medicare ya wazee inayoendeshwa na kampuni binafsi), alipigwa picha ya MRI ya mgongo wa chini hapa hapa kwetu. Kibali cha bima, kinachoombwa kabla ya kipimo, niliomba mwenyewe na nambari nikapewa. Sasa dai limerudi bila senti, limeandikwa CO-197, yaani hakuna kibali. Msimamizi wangu anasema tumtumie mzee bili yote. Juzi alikuja dirishani akaniuliza kwa Kiswahili kama anadaiwa, nikamwambia bado naangalia. Nifanyeje?
Mgeni wa Bili

JIBU: Marahaba mwanangu. Bili hiyo usiitume. Zitazame herufi mbili za mbele kabla ya kuitazama namba. CO maana yake mzigo ni wa kliniki, kwa mujibu wa mkataba wake na bima. Ingekuwa PR, hapo mgonjwa angedaiwa. Kama kliniki yenu imo kwenye mtandao wa bima ya mzee, yaani ina mkataba nayo, hamna ruhusa ya kumbebesha kosa la makaratasi yenu. Mwonyeshe msimamizi wako hizo herufi, kwa adabu, na ikibidi mwombe akuonyeshe yeye penye PR.

Sasa tulitafute kosa. Kibali ni kama tiketi ya basi la Tanga: ina jina, tarehe, kituo na namba ya kiti. Ukipanda basi la jirani utashushwa, hata kama nauli ulilipa kweli. Toa barua ya kibali, iweke pembeni ya dai lenyewe, usome mstari kwa mstari. Jina na namba ya uanachama. Tarehe ya kipimo, kama imeangukia ndani ya siku zilizotolewa. Mahali palipoidhinishwa, maana wakati mwingine bima imeidhinisha kituo cha nje na mgonjwa akapimiwa kwenu.

Halafu msimbo wa kipimo, na hapa ndipo ninaposhuku zaidi. Daktari huagiza 72148, MRI ya mgongo wa chini isiyo na dawa ya kontrasti, ile inayodungwa ili picha ionekane vizuri. Mgonjwa akishalala kwenye mashine inagundulika aliwahi kufanyiwa upasuaji hapo mgongoni, daktari wa picha anataka kontrasti, inadungwa, na dai linatoka na 72158, yaani MRI ile ile bila kontrasti kisha na kontrasti. Kwa chumba cha picha ni uamuzi wa dakika mbili na hakuna aliyekosea. Kwa bima ni kipimo kingine kabisa, nacho hakikuombewa kibali. Ukikuta ni hilo, piga simu leo, usingoje kesho, uombe kibali kirekebishwe. Baadhi ya bima hukubali kwa siku chache tu baada ya huduma, na idadi ya siku hizo imo kwenye mwongozo wao wa watoa huduma. Dirisha likishafungwa, inabaki rufaa, ukiambatisha maelezo ya daktari wa picha kwa nini kontrasti ilihitajika.

Kama misimbo inalingana, tazama kisanduku cha 23 kwenye CMS-1500, fomu ya kudai malipo. Nambari ya kibali hukaa pale. Usicheke. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa naandika nambari kwenye vikaratasi vya njano, nabandika pembeni ya kioo cha kompyuta, nikiamini nitaziingiza jioni. Jumatatu moja nikakuta kioo kinang'aa, mfanya usafi kaniokoa na uchafu wangu wote. Madai kumi na moja yalikwenda na kisanduku kitupu. Yote yakarudi 197, nami nikashinda wiki nasikiliza muziki wa kusubirishwa kwenye simu. Tiba ya kisanduku kitupu ni nyepesi: tuma dai lililosahihishwa, kisanduku cha 22 weka 7, yaani dai hili linachukua nafasi ya lile la awali, pamoja na namba ya dai la kwanza.

Na huyo mzee mpigie simu, mwambie hadaiwi kwa kosa hili. Usimwache ahesabu senti usiku kucha. Ila kama mpango wake wa bima unamtaka alipe sehemu ya gharama ya MRI, yaani mchango wake, huo utabaki palepale, mweleze mapema.

SWALI: Mimi niko Louisville. Maombi yangu ya MRI ya mgongo yanakataliwa hata kabla ya huduma, na daktari ananifokea mimi. Kosa langu liko wapi?

JIBU: Pole. Anza na ugonjwa ulioandikwa. Ukiona M54.5, msimbo wa maumivu ya mgongo wa chini, bila tarakimu nyingine mbele yake, ombi halifiki mbali: tangu Oktoba 2021 msimbo huo umegawanywa kuwa M54.50, M54.51 na M54.59. Wapo madaktari ambao vidole vyao bado viko 2020.

Kama msimbo ni sahihi, soma sababu ya kukataliwa. Kuanzia mwaka 2026 bima za Medicare Advantage zinatakiwa kutaja sababu mahususi, na kujibu ombi la kawaida ndani ya siku 7, la haraka ndani ya saa 72. Kwa mgongo, sababu ninayoikuta mara nyingi ni kwamba mgonjwa hajafanya mazoezi ya tiba kwa wiki sita. Mara nyingi ameyafanya, ila tarehe zimelala kwenye faili la kliniki nyingine na hakuna aliyeziomba. Ziombe, uzitume.

Wakikataa tena, daktari wako anaweza kuomba kuzungumza na daktari wa bima. Mwandikie karatasi moja: tarehe za mazoezi, dawa zilizoshindwa, mguu upi una ganzi. Mtafutie na nafasi kabla ya chakula cha mchana, maana ukimwachia mwenyewe atakumbuka saa kumi na moja jioni, na ofisi ya bima imefungwa.