Msiba wa Buffalo na theluji ya Januari

*Shangazi, shikamoo. Kaka yangu amefariki huko Buffalo, Marekani. Viza ninayo, na wazee wamenichagua niwakilishe ukoo. Sasa shemeji anasema theluji imeziba mlango, magari yamepigwa marufuku na mazishi yamesogezwa mbele. Huku turubai bado limefungwa, na wajomba wananung'unika kwamba marehemu anacheleweshwa makusudi. Niende sasa au nisubiri? Na nivaeje?*
Mdogo wa marehemu, Tandika

Marahaba, mwanangu. Poleni sana.

Nilimzika wifi yangu mji huohuo, Januari, kwa hiyo hao wajomba niachie mimi. Buffalo iko kando ya Ziwa Erie. Upepo wa baridi ukipita juu ya maji ambayo hayajaganda, huchota unyevu na kuumwaga mjini ukiwa theluji. Dhoruba ya Desemba 2022 iliua watu, wengine wakiwa wamekwama ndani ya magari yao. Shemeji yako afanyeje? Mwili umehifadhiwa vizuri, na udongo ukiganda inabidi upashwe moto kwanza ndipo mashine ichimbe. Kuna sehemu za kaskazini jeneza hutunzwa mpaka baridi iishe na udongo ulainike.

Kwa hiyo nenda, ila usikate tiketi mpaka upewe tarehe. Panga kufika siku mbili tatu kabla ya ibada, maana ndege nazo huahirishwa.

Mavazi: pita mitumba ya Karume. Januari hii watu wanatokwa jasho, makoti mazito hayana mnunuzi, utapatana vizuri. Tafuta sweta na soksi za sufu. Fulana ya pamba ikilowa jasho inakugandisha. Gambuti za mvua hazifai, nunua buti zenye manyoya ndani. Koti usilitie kwenye begi kubwa. Lishike mkononi tangu uwanja wa Nyerere, wakucheke wanaotaka kucheka. Begi likipotea njiani, koti unalo. Sare ya kitenge ya ukoo ishonwe pana, uivae juu ya sweta. Mimi yangu ilishonwa ya kubana, nikaishia kuifunga kiunoni.

Makaburini hamtakaa. Sala fupi, udongo kidogo, mnarudi garini. Usidai beleshi mfukie wenyewe kama huku. Muulize shemeji kwanza, makaburi mengi huachia mafundi wao. Ila nyumbani utakuta beleshi la theluji mlangoni, na kijana wa Kitanzania lazima ajitutumue! Fanya polepole. Kazi ile kwenye baridi imewaangusha wengi kwa moyo. Na gari likikwama, kaeni ndani, lakini toeni theluji kwenye ekzosi kabla ya kuwasha injini, la sivyo moshi wake utawaua kimyakimya.

Huku Tandika, anueni tanga. Kuwalaza watu mikekani wakingoja hali ya hewa ya Marekani ni kuwatesa bure, na mchele una bei. Siku ya mazishi mkutane tena mtazame kwa simu. Buffalo wako nyuma yetu saa nane: ibada ya saa tano asubuhi kwao ni saa moja jioni kwetu, basi mtafute taa.

Simu yako iweke mfuko wa ndani ya koti. Betri huisha haraka kwenye baridi, na wajomba watakuwa wanapiga.