Kutoka Mbeya kwenda kutembea Malawi: maswali yenu na majibu

Nina siku nne za mapumziko. Kuna gari la moja kwa moja hadi Karonga? (Msomaji, Uyole)

Wapiga debe watakuambia lipo, na tiketi watakukatia. Usinunue. Coaster za stendi ya Nane Nane mwisho wake ni Kasumulu (mpakani) au Kyela mjini, na ukishavuka hakuna anayeitambua tiketi hiyo, unalipa upya. Toa nauli ya mpakani tu. Gari likiwa la Kyela mjini, shuka njia panda ya kwenda mpakani umalizie kwa bodaboda.

Mpakani beba begi lako mwenyewe. Unagongewa mhuri wa kutoka, kisha wa kuingia. Mtanzania hahitaji viza kwa matembezi, lakini ukiwa bado dirishani soma siku ulizoandikiwa. Uwe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo huanza kuhesabika baada ya siku 10, kwa hiyo usichanje siku ya safari. Karonga iko kama kilomita 45 mbele.

Saa za Malawi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Wakati wa kwenda ni faida. Wakati wa kurudi ndipo watu wanalala Kasumulu bila kupanga: saa kumi jioni ya Karonga, huku tayari ni saa kumi na moja.

Nibadilishe pesa wapi? (Tukuyu)

Sehemu salama ni benki, na Karonga zipo. Vijana wa mpakani wanatoa kwacha nyingi zaidi kwa sababu dola ni adimu Malawi, ila biashara hiyo hairuhusiwi, na ukiibiwa huna pa kushtaki. Mchezo wao mkubwa ni kukunja noti katikati ya bunda, ili moja ihesabiwe mara mbili. Mwingine ni kikokotoo kilichochezewa. Piga hesabu kwenye simu yako. Ukivuka Karonga kwenda kusini, shilingi yetu haina soko, hivyo weka dola kidogo. Kwacha zimalize kabla ya kurudi.

Kuogelea Nkhata Bay ni salama? (Iringa)

Maji ya ziwa yanavutia, na kichocho kipo. Konokono wanaokieneza wanapenda maji yaliyotulia kwenye matete, karibu na pale watu wanapofulia. Oga mbali na matete, lakini usijidanganye kwamba hapo umekwisha kujikinga.

Kosa la wengi ni kumeza praziquantel (dawa ya kichocho) wakishafika tu nyumbani. Dawa hiyo haiui minyoo michanga. Subiri wiki sita hadi nane tangu mara ya mwisho kuingia majini, ndipo upime na kutibiwa. Kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito: mtu wa kilo 60 anameza miligramu 2,400, yaani vidonge vinne vya 600, akiwa ameshiba. Ukijisikia homa kabla ya hapo, usingoje. Kapime, na malaria pia.

Livingstonia kunafikika kwa gari dogo? (Mbeya mjini)

Kwa barabara ya kupandia Chitimba, hapana. Ni kama kilomita 15 za mawe na kona kali zipatazo 20. Wamisionari wa Robert Laws walihamia huko juu mwaka 1894 wakiikimbia malaria ya ziwani, na huo mwinuko ndio unaokutesa wewe leo. Acha gari Chitimba, panda matola (pikapu za abiria) asubuhi, au tembea kwa miguu na maji ya kutosha. Mvua ikinyesha, ahirisha. Maporomoko ya Manchewe yako njiani, kabla hujafika mjini. Beba sweta.

Na tangi lijae kabla ya kuvuka: uhaba wa mafuta Malawi hutokea mara kwa mara, na foleni inaweza kula siku nzima.

Kiswahili kitanifaa? (Kyela)

Karonga, ndiyo. Kinyakyusa chako kitakufaa zaidi, maana Wangonde, wenyeji wa huko, mnasikilizana nao. Kuanzia Mzuzu tumia Kiingereza.