Muulize Nesi: Krimu yatuliza, kisha yarudi

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni dereva wa tuktuk, Likoni. Tangu joto la kaskazi lishike nawashwa kinenani, na pametoka duara lenye ukingo wa magamba. Nilinunua tyubu duka la dawa; siku mbili, muwasho kwisha. Nikiacha kupaka, duara larudi na kuenea mapajani. Mama asema ni uchafu wangu. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama amekuonea. Hiyo yaonekana ni fangasi, na hata aogaye mara tatu kwa siku huipata. Kuvu hii hula keratini, protini iliyo kwenye tabaka la juu la ngozi, kucha na nywele. Ikipata joto na unyevu, imefika kwao. Nawe wakaa kutwa na jinzi ya kubana juu ya kiti cha plastiki, kwa jasho hili la Mombasa!

Hebu vua viatu kwanza. Tazama kati ya kidole cha mwisho na jirani yake. Ngozi imekuwa nyeupe, imelainika, yabanduka? Basi huenda ndiko ilikotokea. Taulo lafuta miguu kisha lapanda juu. Chupi nayo yapitia vidoleni. Tibu kotekote, na uvae soksi kabla ya chupi. Cheka, lakini fanya.

Sasa hiyo tyubu: soma maandishi madogo. Ukiona betamethasoni au klobetasoli, hiyo ni steroidi. Yatuliza muwasho kwa kupunguza kinga ya ngozi, na kuvu yabaki ikila bila bughudha. Ngozi ya kinena ni laini, steroidi yaweza kuiachia michirizi isiyofutika. Krimu hizi zilizochanganya steroidi na dawa ya fangasi zauzwa kama njugu, nami zanikera kwelikweli. Omba klotrimazoli tupu, yaani dawa ya fangasi isiyotiwa steroidi. Paka asubuhi na jioni, vuka ukingo wa duara kidogo, na uendelee wiki mbili baada ya ngozi kupona. Nyumbani jifunge kikoi. Wiki nne zikipita bila nafuu, nenda kliniki, na upimwe sukari pia.

SWALI: Mwanangu wa miaka sita ana mapunye. Nimpake krimu hiyohiyo? Mama wa Majengo.

JIBU: Haitoshi, dada. Kuvu imeingia ndani ya unywele, krimu haiifikii. Daktari atamwandikia dawa ya kumeza, ya wiki kadhaa. Na kama mwalala na paka nyumbani mwenye mabaka yaliyonyonyoka manyoya, huenda ndiye aliyemwambukiza; naye apelekwe kwa daktari wa mifugo.