Sensa ya tabo inasoma 82, ni mbovu?

SWALI: Fundi habari, nimefunga sensa mpya ya presha ya tabo kwenye Subaru yangu niko Nairobi, nikiwasha swichi bila kustati injini laptopu inasoma kilopaskali 82 na mwenzangu wa Mombasa anapata 101, nimeuziwa mbovu?

JIBU: Hapana ndugu yangu, iko sawa, Nairobi iko juu karibu mita 1,700 hewa yake nyepesi, ukiilazimisha isome 101 data yote itaharibika. Ila hiyo ni pointi moja tu ya kupima, unahitaji ya pili. Chomoa mpira wa sensa, unga pampu ya mkono yenye geji unayoiamini, jaza hadi baa 1, hapo inatakiwa isome 182 hivi (baa 1 ni kilopaskali 100, jumlisha 82 za hewa ya Nairobi), isiposoma andika volti zinazotoka kwenye sensa kwa pointi zote mbili uziingize kwenye programu ya laptopu. Na waya wa ethi ukague kwanza tafadhali, ukiwa umelegea volti zinadanganya.