Uliza Wakili: Nikisoma sheria Uturuki nitaapishwa uwakili huku?

Matokeo ya fomu siksi yakitoka tu simu yangu inajaa maswali ya kusoma nje. Nimechukua matatu, la kwanza nimelijibu kwa kirefu maana limeniuma kidogo.

"Shikamoo wakili. Mimi kijana wa Tanga nimepata Türkiye Bursları kusoma sheria, yani kila kitu wanalipa wao, ada, hosteli, tiketi na hela ya mwezi, mwaka wa kwanza nasoma Kituruki alafu ndo naanza digrii. Mama ameshawaambia mtaa mzima, ila baba mdogo anasema nikirudi cheti changu kitakuwa cha kufungia maandazi. Niende nisiende?"

Marahaba mwanangu, na hongera, skolashipu ile haigawiwi kama peremende. Baba mdogo kaongea kwa ukali lakini ana hoja. Mfupa ukivunjika Istanbul ni uleule wa Handeni, daktari akirudi anaendelea na kazi, ila kesi ya kiwanja siyo ileile. Sisi tulirithi sheria ya Kiingereza, mpaka leo tarehe 22 Julai 1920 ipo kwenye sheria zetu, ndo mstari wa kuonyesha tulichopokea kutoka kwao. Waturuki njia yao nyingine kabisa, mwaka 1926 walichukua sheria ya madai ya Uswisi na ya makosa ya jinai wakaitoa Italia. Kwa hiyo utasoma mwaka mmoja wa lugha na minne ya sheria, vizuri tu, ila ni sheria ya watu wengine na kwa lugha yao.

Sasa unarudi. Kwanza digrii inapita TCU, yani Tume ya Vyuo Vikuu, waitambue, alafu unaenda Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile tunayoiita Law School, ndo unapita hapo kabla ya kuapishwa uwakili, unakaa darasani na watu waliokula miaka yote na Sheria ya Ardhi ya 1999 na kesi za Mahakama ya Rufani. Na hao wenyewe wanaanguka! Mnakumbuka 2022, wanafunzi 633 walifanya mtihani wakafaulu moja kwa moja 26, nchi nzima ikapiga kelele mpaka kamati ikaundwa. Wengi wao walisoma hapahapa nyumbani, we mwenzangu unatoka Ankara hujawahi hata kushika hati ya madai ya Kiswahili.

Ila sijasema usiende. Swali ni unataka kuwa nani. Kama ndoto yako ni kusimama mahakamani umevaa joho, na chuo hapa umepata na mkopo umepata, baki, soma LLB yako, yani digrii ya kwanza ya sheria, nje utaenda kwenye LLM, ile ya uzamili, tena hapo unachagua vitu vinavyovuka mipaka kama usuluhishi wa biashara, kodi za kimataifa, haki za binadamu. Kama huku huna nafasi wala hela ya ada, nenda mwanangu, usiache kitu mkononi kwa ajili ya maneno ya baba mdogo. Reli yetu ya SGR kuanzia Dar kwenda Morogoro imejengwa na kampuni ya Kituruki, na mtu anayeweza kusoma mkataba kwa Kituruki akamweleza Mtanzania umesema nini hatalala njaa hata kama hajaapishwa. Ila kabla hujapanda ndege nenda TCU waulize kuhusu chuo hicho na kozi hiyo, jibu lipate kwa maandishi. Mdomo haufunguliwi faili.

"Dada wakili, niko mwaka wa tatu sheria, Mombasa. Chuo chetu kina mpango wa Erasmus+, ule wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, na chuo kimoja Uholanzi, semista moja. Wenzangu wanasema nitachelewa kumaliza. Ni kweli?"

Inategemea unachoenda kusoma huko. Kwa hela mpango ni mzuri, chuo cha kule hakikulipishi ada na unapewa posho na nauli, ila lazima upitie chuo chako, hauombi peke yako. Shida iko kwenye yuniti. Kenya kuna masomo 16 ya lazima kwenye LLB, na ukifika Kenya School of Law kusomea uwakili wanayatafuta kwenye cheti chako moja moja. Kwa hiyo usiondoke semista ya sheria ya ushahidi au ya mali ukadhani Uholanzi watakufundisha mbadala, sheria yao haitoki kwa Mwingereza. Nenda semista yenye masomo ya hiari.

Mimi yalinikuta. Nilirudi na maksi nzuri tu, chuo changu kikasema jina la somo halifanani na letu, nikarudia lote na wadogo zangu darasani, aibu mpaka leo. Kosa langu nilikubaliana na mhadhiri kwenye korido. Wewe hakikisha ule mkataba wa masomo umesainiwa na vyuo vyote viwili, somo kwa somo, KABLA ya kuondoka. Na viza anza mapema, semista inapita siku 90 kwa hiyo ile Schengen ya kutalii haikufai.

"Wakili nimemaliza LLB mwaka huu, kuna ajenti Dar anataka laki nne anijazie fomu ya Chevening, ile skolashipu ya serikali ya Uingereza ya kusoma masters, anasema nafasi yangu ni uhakika. Nimpe?"

Usimpe hata mia! Fomu ya Chevening ni bure, unajaza mwenyewe, na hakuna binadamu wa kukuhakikishia. Alafu huyo hajakwambia kwamba wanataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, wanahesabu saa 2,800, na wewe umemaliza juzi. Ukipata pia unatakiwa urudi nyumbani ukae miaka miwili. Tafuta kazi kwanza. Na usiangalie Uingereza tu, Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, wana LLM ya haki za binadamu na demokrasia Afrika tangu 2000, nusu mwaka unakaa Pretoria, nusu unapelekwa chuo kingine barani, na wana ufadhili. Hapo Mlimani penyewe, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna kituo cha sheria cha Watanzania na Wajerumani, walikianzisha na Chuo cha Bayreuth mwaka 2008, kiulizie.

Laki nne yako itunze, vyuo vingine vinataka mtihani wa Kiingereza na ule unalipiwa kweli.