Kwenda kuona walikoshuti muvi, inalipa kweli?

Umeuliza kama inalipa kusafiri mbali kwenda kuona walikoshuti muvi unayoipenda au utarudi umeboeka tu. Inategemea ulipenda nini, kama ni stori na maakta basi kaa uirudie kuangalia, kule huwakuti. Kama ni mandhari, nenda. Kwangu mimi Matmata ya Tunisia ndo namba moja, ile hoteli ya Sidi Driss iliyochimbwa chini ya ardhi ndo ilikuwa kwao Luke, staringi wa Star Wars ya 1977, na sio maboksi ya studio, ni nyumba za kweli za Waberberi wa kule. Hobbiton ya New Zealand, kile kijiji cha kwenye The Lord of the Rings, nayo nzuri ila hujiendei kivyako, lazima ukate tiketi utembezwe na wenyewe, afu sini za ndani kwenye muvi walishutia studio Wellington kwa hiyo usishangae. Maya Bay ya Thailand, ule ufukwe wa kwenye muvi ya The Beach, mi hata sikushauri sana, watu walijaa mpaka matumbawe yakaharibika wakaifunga 2018 hadi 2022. Ukiing'ang'ania, cheki kwanza kama pako wazi kabla hujalipia ndege.